Kooperative ya Wakubwa Tupu

Vijana wa biro, mliniomba niwaachie rapport ya miaka yangu ya kazi kabla sijarudisha ufunguo. Ufunguo nimerudisha. Rapport sitaandika, maana nimeandika za kutosha na sijawahi kuona mtu akizisoma akacheka. Nitawaandikia haya badala yake. Mkitaka kujua nani alipanda cheo lini, na nani alipewa biro yenye dirisha, muulizeni sekretere. Yeye habari hizo anazipenda kuliko chai.

Kazi yangu iliitwa encadreur wa kooperative za wanafunzi. Wanafunzi wanaungana, wanalima au wanafuga au wanatengeneza sabuni, wanagawana kinachotoka, na weye unasimama pembeni uangalie wasiuane. Nasema pembeni kwa sababu kooperative ni yao. Memba si mfanyakazi wako. Akichoka anaenda zake, na hakuna karatasi wala askari wa kumrudisha. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa na swali moja tu kichwani, nikila nalo na kulala nalo: mbona hawa wanabaki, na wale wanaondoka?

Siku ya kwanza nilifika na koti, tai, na viatu vyeusi nilivyoazima kwa shemeji. Aliyenipokea alikuwa Muzee Asani, mtu wa Nia-Nia, encadreur aliyenitangulia, kofia kichwani hata ndani ya nyumba. Aliniangalia kuanzia chini.

"Weye unaenda kuoa?"

"Hapana, Muzee. Nimekuja kazini."

"Bon. Basi twende, mais hivi viatu bitalia."

Tulishuka mpaka shamba la bondeni, lile lililo nyuma ya madarasa, upande wa kwenda Mudzipela. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo wetu mwekundu mnaujua. Viatu vililia kweli, halafu vikanyamaza kabisa. Shemeji hadi leo tukikutana kwenye matanga anaanza na habari ya viatu kabla ya kusalimia marehemu.

Wanafunzi walikuwa kwenye mkutano, ndani ya nyumba ya vyombo pale shambani. Muzee Asani alinikalisha nyuma kabisa akanikataza kusema. Prezida alisimama, akasema "protocole yote ikiheshimiwa", halafu akaiheshimu protocole hiyo kwa kumtaja kila mtu aliyekuwepo, mimi mgeni pia. Sekretere akasoma ya mkutano uliopita. Mwingine akashukuru kwa kusomewa. Nilianza kusinzia. Muzee akanigusa kiwiko.

"Ngoja divers."

Divers, kama mnavyojua, ni ile sehemu ya mwisho ya mkutano kwenye ordre du jour, ya mambo madogo madogo. Prezida alipoitaja tu, msichana mmoja akanyoosha mkono. "Miye niko na kaneno kadogo. Arrosoir ya kooperative iko kwa nani?" Yesu wangu! Nyumba nzima ilisimama. Arrosoir, lile kopo la kumwagilia maji, ilikuwa kwa mtu, mtu alikuwa na shangazi, shangazi alikuwa na bustani. Waligombana mpaka jasho likawatoka, na nilipomtazama Muzee Asani nikamkuta anatabasamu kama mtu aliyekula akashiba.

"Umeona?" akaniambia tukipanda mlima. "Mukutano yote ilikuwa mule. Hawa bangali memba, juu bangali banagombana. Siku utakuta divers haina neno, ujue bamekwisha kuenda, hata kama bamekaa pale mbele yako."

Alinifundisha pia vyombo. Jembe likilegea, alisema, usigongee msumari, msumari unapasua mpini. Kata kipande cha mpira wa baiskeli, vika kichwa cha mpini, piga chini, halafu liweke kwenye maji mti uvimbe. Na ukitembelea kooperative usianze kuomba daftari. Omba kuona majembe. Mpini uliong'aa kwa mikono una watu. Mpini wenye buibui una komite. Nimefanya hivyo kazi yangu yote, na walimu wa uongozi waliokuja na semina zao walinitazama kama mtu aliyepotea njia ya soko.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa ngumu kwa sababu ya kicheko. Kooperative ya sungura ilikufa kwa mapenzi. Wanafunzi waliwapa sungura majina ya maprofesa wao. Ilipofika wakati wa kuchinja, nani angeonekana ameshika kisu juu ya mwalimu wa takwimu, na mtihani ukiwa juma lijalo? Sungura walizeeka kwa heshima, wakazaa, wakala kila kitu, na prezida akahama upande wa pili wa mji.

Lakini kulikuwa pia na Uyirwoth. Huyu alikuwa msichana wa pande za ziwa, mfupi, sauti nzito, aliyeongoza kooperative ya sabuni. Hakujua hotuba hata moja. Kazi aliyojua ni kupita. Memba asipoonekana, siku ya Mungu baada ya misa Uyirwoth alikuwa mlangoni kwake. Na hakuuliza "mbona hukuja?" Aliuliza, "Unakulaka nini siku hizi?" Nilimwambia siku moja kwamba swali lile si la prezida, ni la mama. Akanijibu, "Papa, mutu mwenye njaa utamuuliza statuts?"

Kisha hali ikaharibika, kama inavyotokea huku kwetu, na masomo yakafungwa. Wanafunzi walitawanyika: Mahagi, Nia-Nia, wengine ng'ambo kwa ndugu. Milango ilipofunguliwa tena, kooperative iliyokuwa na statuts, yaani sheria zake, nzuri kuliko zote, zenye kurasa nyingi na kashe, ule mhuri, kila ukurasa, ilirudi na prezida peke yake. Ya Uyirwoth ilirudi karibu yote. Kijana mmoja alishuka kwenye lori la Nia-Nia ana vumbi hadi kwenye kope, na kabla ya kwenda kwa mjomba wake akapitia kwenye pipa la sabuni kuona kama lipo. Nilimkuta amelikumbatia. Nililia, na sioni haya kuandika.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo ninyi wenyewe mnaisimulia vibaya kantini. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisikilizeni.

Kooperative ya mboga ya shamba la bondeni ilikuwa na desturi yake tangu siku za Muzee Asani: kila memba ana mstari wake wa kulima, lakini mavuno ni ya wote na yanagawanywa sawa. Mstari wako ukiwa mchafu, magugu yanaingia kwa jirani, kwa hiyo aibu ni yako na hasara ni ya kila mtu. Siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya pamoja, watu wote shambani.

Mwaka huo tulipata Directeur mpya wa chuo, mtu wa mpango, mwenye kupenda mistari iliyonyooka. Alitaka fasi ya kuegesha magari, na macho yake yaliangukia bondeni. Nilimwomba, wanafunzi wakamwomba. Mwishowe akasema: mvua zikishika nitapita mwenyewe, mstari kwa mstari. Nikikuta yote inalimwa, shamba ni lenu. Nikikuta mmoja umeachwa, magari yangu yanaingia.

Kwa wengi lilikuwa jambo la kuudhi tu. Kwa Mave lilikuwa jambo la maisha. Mave alikuwa wa mwaka wa pili, familia yake ilikimbia Djugu, na hapa mjini alikaa Mudzipela kwa mama yake mdogo, Mama Charité, pamoja na wadogo zake. Sehemu yake ya mboga ndiyo waliyokula, na iliyobaki waliiuza sokoni. Alikuja biro akasimama bila kukaa.

"Papa Encadreur, hii lengalenga njo inanisomesha. Shamba ikienda, miye naenda kwa mama mukubwa Mahagi kuuzisha samaki. Masomo itabaki hapa."

Hakulia wala hakulalamika. Alinijulisha tu, kama unavyomjulisha mtu kwamba mvua inakuja. Nilibaki na uchungu siku nzima.

Na nani alikuwa prezida wakati huo? Trésor. Mtoto wa mjini, mwembamba, shati limenyooshwa, Kifaransa kinateleza. Nataka kumtendea haki: hakuwa mbaya hata kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, hakuweza kuvumilia mtu amkasirikie. Yule aliyeshindwa kwenye uchaguzi alinuna, Trésor akamfanya conseiller, mshauri wake. Akafurahi. Mwingine akanuna kwa sababu wa kwanza amefanywa conseiller. Naye akapewa: chargé wa kumwagilia maji. Kukatokea makamu wa chargé. Kukatokea delege wa magugu, porte-parole wa kuwasemea wote, na mmoja, Dieume, akawa chargé wa mahusiano na majirani. Jirani tuliyekuwa naye ni mbuzi wa fundi wa milango. Trésor akachongesha kashe, akatengeneza vibeji vya plastiki vyenye picha, na kila aliyepewa alitulia kwa muda, halafu akanuna upya akitaka kikubwa zaidi.

Nyie mnajua jinsi tunavyopenda cheo huku kwetu. Mtu hata kwenye kikundi cha kuimba anataka awe makamu wa kitu. Mimi pia nilipoona beji zile nilicheka tu, nikasema watoto wanacheza.

Mpaka siku ya posho moja niliposhuka bondeni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka na magugu yameshangilia. Watu walikuwa wengi, nikafurahi toka mbali. Nilipofika karibu nikaona kila mmoja ana beji kifuani na kalamu ya biki mkononi. Jembe lilikuwa moja tu kazini, na lilikuwa la Mave. Alikuwa katika mstari wake, ameinama, na wakubwa wamemzunguka.

"Mave, pale umeacha moja," akasema delege wa magugu.

"Wapi?"

"Pale, kwa mukono ya kuume."

"Na weye mukono yako iko na kazi gani?"

"Miye niko delege."

Chargé wa maji akaandika kitu. Makamu wake akachungulia alichoandika akakubali kwa kichwa. Mave akanyooka polepole, mkono kiunoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Memba iko nani hapa?"

Porte-parole alifungua mdomo, ndiyo kazi yake, akaufunga.

"Bon. Naona memba njo miye peke. Kooperative yote iko miye. Basi kooperative inaenda nyumbani kupika."

Akajitwisha jembe begani, akapanda mlima. Ninyi mkisimulia mnasema alitukana. Hakutukana. Mimi nilicheka mpaka nikashika mti, halafu nikakumbuka Directeur na magari yake, nikaacha kucheka.

Salongo iliyofuata hawakuja. Mave hakuja, na wengine hawakuwa na mtu wa kumwongoza, sasa waje kufanya nini? Nilimkuta Trésor peke yake katikati ya shamba, kashe mfukoni, viatu safi. Jioni alikuja biro, beji ameishika mkononi.

"Papa, unisaidie. Batu banakataa. Na kila mutu nilimupatia kitu!"

"Ulibapatia nini?"

"Cheo, Papa!"

"Na kazi ulipatia nani?"

Aliigeuza beji akaitazama picha yake.

"Mave," akasema.

"Basi nenda kwake."

Nilitegemea ataenda. Kumbe nilisahau tuko Bunia. Hapa mtu haendi kuomba radhi peke yake, anaenda délégation. Kesho yake nilijikuta natembea Mudzipela nyuma ya Trésor, conseiller, porte-parole, delege wa magugu na Dieume wa mbuzi, wamevaa vizuri, kwa sababu délégation lazima iwe na muzee ndani yake na muzee huyo nilikuwa mimi. Porte-parole alikuwa na karatasi. Nilimwona akikariri njiani.

Mama Charité alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda, mbele yake gunia limetandikwa na juu ya gunia mlima wa maharage mabichi, bado kwenye maganda. Mave alikuwa ameenda kuchota maji. Trésor alisimama wima.

"Mama, protocole yote ikiheshimiwa..."

"Papa, kaa," Mama Charité akamwambia Trésor.

"Asante, Mama. Siye kama komite..."

"Kaa kwanza, mutoto yangu. Unasema na mikono mitupu hivi? Hii maharage itajimenya?"

Utamkatalia mama nyumbani kwake? Walikaa chini, nguo nzuri na zote. Mimi nilipewa kiti kwa ajili ya mvi zangu, lakini nilipewa na sinia pia. Tukaanza kumenya. Porte-parole alijaribu kusoma karatasi kwa jicho moja, maharage yakamrukia usoni, akaiweka chini ya goti. Halafu delege wa magugu, bila kuinua kichwa, akasema:

"Miye hata sikutaka kuwa delege. Nilitaka tu munipatie mustari karibu na maji, juu mugongo inaniuma."

Trésor akaacha kumenya. "Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukanipatia beji."

"Na miye," akasema conseiller, "hasira yangu haikuwa ya uchaguzi. Mvua ilibeba miche yangu yote, na hakuna mutu alikuja kuona. Hata weye. Nilinuna juu ya ile."

Dieume akasema yeye hana malalamiko, mbuzi wanamheshimu. Tulicheka, ikasaidia. Lakini Trésor alikuwa ameinamisha uso, na sauti ilipotoka ilikuwa ya mtoto.

"Nilizani munafurahi."

"Tulifurahi," akasema delege. "Kidogo."

Hapo Mave akaingia na bidon kichwani. Aliikuta komite yake chini, maganda mpaka kwenye nywele, na encadreur wake na sinia mapajani. Aliangua kicheko mpaka maji yakamwagika mgongoni.

"Mama, hawa batu umebatoa wapi?"

"Bamekuja kukuomba kitu. Mais bangoje, maharage haijaisha."

Trésor hakungoja. Alisema pale pale, bila protocole: "Mave, rudia. Bila weye shamba inaenda, na miye sijue kuisimamisha."

Mave alitua bidon. "Nitarudia. Mais usinipatie cheo. Miye niko memba, na ninataka benzangu."

Mkutano uliofuata nitaukumbuka hata nikisahau jina langu. Trésor alisimama akasema leo tunaanza na divers. Watu wakatazamana. Akatoa beji yake shingoni, akaiweka mezani, na kashe juu yake. "Miye pia niko memba. Mustari yangu iko chafu, mumeiona. Divers yangu ni hii: nani anakosa nini?" Kisha msichana mmoja nyuma akauliza ufunguo wa stoo uko kwa nani, na nyumba ikasimama. Ah, nilifurahi! Waligombana mpaka giza likakaribia, kuhusu maji, kuhusu mbegu, kuhusu mbuzi, na kila aliyemaliza kusema alitupa beji yake mezani kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Walimwambia Trésor abaki prezida, lakini kashe wakaificha. Cheo kimoja tu kilibaki: cha Dieume, kwa sababu mbuzi kweli walimsikiliza.

Baada ya hapo alibadilika. Alipita jioni jioni, mstari kwa mstari, akiuliza, na safari hii akingoja jibu. Delege wa zamani akapata fasi karibu na maji. Miche ya yule conseiller ilijengewa mfereji, na Trésor ndiye aliyechimba. Mipini ikaanza kung'aa. Nikajua tumepona, bado tu Directeur.

Alipotutangazia siku ya kupita, ndipo Mave akalala na malaria. Mstari wake ulikuwa wa mwisho, kule chini penye majimaji, na magugu ya kule yanaota huku unayatazama. Mama Charité alileta habari kwamba mtoto anatetemeka, hawezi kusimama.

Directeur alikuja asubuhi na mwamvuli wake. Nilimfuata nyuma. Mstari wa kwanza safi. Wa pili safi. Vitunguu, lengalenga, kabichi, vyote vimesimama kwa adabu. Alianza hata kusalimia watu. Kisha akasimama.

"Hii ni ya nani?"

Magugu yalifika magotini. Memba wakatazama chini. Ilibidi niseme mimi.

"Ya prezida."

"Na huyo prezida yuko wapi?"

Tulimkuta mwisho kabisa wa shamba, amepiga magoti kwenye matope, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alinyanyuka akajipangusa, akajipaka zaidi.

"Weye njo prezida?"

"Ndiyo, Papa Directeur."

"Na mustari ile chafu ni ya weye?"

"Ndiyo."

"Na hii unalima?"

"Hii ya Mave. Iko na malaria. Nilianza na ya kwake, nilizani nitafika kwa yangu kabla uje. Sikufika. Ukisema hatukutimiza, ni kweli, mais useme ni juu ya miye. Hawa benzangu bametimiza. Na yeye usimufukuze."

Directeur alizungusha mwamvuli wake. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, aliitamka mbele yetu wote. Alitazama mstari wa Mave, akatazama ule wa Trésor, kisha akatazama saa, ingawa sidhani aliiona.

"Nitarudi kesho," akasema. "Kesho asubuhi. Mapema."

Kesho yake tulikutana getini, tukashuka pamoja. Ukungu ulikuwa haujatoka bondeni. Tulisikia majembe kabla ya kuona watu. Kooperative nzima ilikuwa ndani ya mstari mmoja, ule wa prezida, wamebanana bega kwa bega, delege, conseiller, porte-parole, wote, wanang'oa na kutupa nje. Katikati yao Mave, amejifunga kitenge mpaka kichwani, midomo imepauka, hakuwa hata na nguvu ya jembe. Aling'oa kwa mkono, akapumzika, akang'oa tena. Nilitaka kumpigia kelele arudi kitandani. Directeur akanishika mkono.

"Mwache," akasema. Halafu, baada ya muda, "Encadreur, magari tutayatafutia fasi ingine."

Ndipo Trésor akateremka mbio na jembe lake, nywele hajachana. Alikuwa ameamua kuamka kabla ya watu, alime peke yake. Alifika kwenye mstari wake akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, akitafuta pa kuingia.

"Na miye nilime wapi?"

Mave hakuinua kichwa.

"Kaa, Prezida. Hapa pamejaa."

Akakaa chini pale pale kwenye majani yenye umande, jembe mapajani, akalia mbele ya Directeur na mbele ya kila mtu, na wao waliendelea kulima.